Wenye Kamera na Wenye Sura: Unguja, Makunduchi na Viwanda vya Dresden

Kamera iliingia Unguja mapema sana. Louis Daguerre alitangaza mbinu yake mjini Paris mwaka 1839, na haikupita miaka kumi kabla ya vifaa vyake kufika pwani ya Afrika Mashariki. Vililetwa na meli ya Kifaransa Ducouëdic, iliyoongozwa na Charles Guillain katika safari ya 1846 hadi 1848. Picha zilizopigwa kwenye mabamba ya shaba yaliyopakwa fedha zilipelekwa Ufaransa na kuwa msingi wa michoro iliyochapishwa huko. Mwaka 1860 James Augustus Grant, akiwa njiani pamoja na mvumbuzi Speke kutafuta chanzo cha mto Nile, alipiga picha mjini Unguja, soko la watumwa likiwemo. John Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea aliyeiwakilisha Uingereza kisiwani kwa miaka mingi, naye alikuwa mpiga picha hodari. Kazi ya wote hao ilikuwa na mwisho mmoja: bamba lilipigwa Unguja, likafungwa sandukuni, likapanda meli. Aliyekaa mbele ya lenzi hakubakiwa na kitu.

Hali hiyo ilianza kubadilika walipokuja Wagoa. Goa ilikuwa chini ya Ureno, na vijana wake walivuka bahari kutafuta kazi za ukarani, upishi, ushonaji na muziki. Wachache wao walikuja na kamera. A. C. Gomes, ndugu wa ukoo wa Coutinho na Pereira de Lord ndio majina yanayosomeka mara nyingi kwenye kadi na picha za Unguja za mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Walipiga picha za masultani na mawaziri wao, za milango ya nakshi, za karafuu zikianikwa na za Beit el Ajaib, jumba lililokamilika mwaka 1883. Baada ya Waingereza kulipiga mizinga jumba la Sultani tarehe 27 Agosti 1896, magofu yake yalipigwa picha na kuuzwa kwa abiria wa meli. Kadi zilisafiri mbali zaidi kuliko picha zenyewe. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia Ujerumani ndiyo iliyoongoza duniani katika uchapaji wa kadi za posta, hivyo si ajabu kwamba sura ya Unguja ilizoeleka Ulaya kupitia mashine za Kijerumani.

Wagoa wanastahili heshima kubwa kuliko wanayopewa, maana kazi yenyewe ilikuwa ngumu. Bamba la kioo la mbinu ya zamani lilipaswa kupakwa dawa, kupigwa picha na kusafishwa kabla halijakauka, na joto la kisiwa halikumpa mtu nafasi ya kuzubaa. Mabamba makavu yalipoenea katika miaka ya 1880 yaliondoa haraka hiyo yakaleta taabu nyingine. Dawa yake ilishikizwa na jelatini, nayo jelatini hulainika maji yakiwa na uvuguvugu, hata picha ikaweza kuteleza juu ya kioo na kuharibika. Katika nchi za joto mafundi walizoea kusafisha picha usiku au alfajiri, maji yanapopoa. Ukungu uliota ndani ya lenzi wakati wa masika. Karatasi, dawa, vioo na kamera zote zilitoka nje, na meli ikichelewa studio ilingoja. Tangu siku za mwanzo, mpiga picha wa Unguja alitegemea viwanda ambavyo hakuwahi kuviona, wala hakujua wenye viwanda hivyo walikuwa akina nani.

Studio zote hizo zilikuwa Mjini. Makunduchi, kusini kabisa mwa kisiwa na zaidi ya kilomita 60 kutoka Mji Mkongwe, ilikuwa Shamba, na huko kamera ilifika kama mgeni. Ilibebwa na maofisa wa serikali, wasomi na wasafiri, na kilichowavuta zaidi kilikuwa Mwaka Kogwa. Sikukuu hiyo hufuata mwaka wa jua wenye asili ya Kiajemi, Nairuzi, unaohesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi pamoja na siku tano za kukamilisha 365. Wavuvi na wakulima wa pwani waliutumia kupangia misimu yao, kwa sababu mwaka wa Kiislamu wa mwezi hauendi sambamba na mvua. Siku hizi sherehe huangukia mwezi Julai, katika uwanja wa Kae Kuu. Wanaume wa pande mbili za mji hupigana kwa mashina ya migomba ili kumaliza kinyongo cha mwaka uliopita, kibanda cha makuti huchomwa moto na uelekeo wa moshi wake kusomwa, nao wanawake, wakiwa wamevaa vilivyo, hupita wakiimba. W. H. Ingrams, ofisa wa Kiingereza aliyehudumu Unguja, aliandika habari za mila hizi katika kitabu chake cha historia ya Zanzibar kilichotoka 1931. Watu wa Makunduchi huhesabu kuwa ni mkosi mtu kukosa mgeni siku ya mwaka. Kwa hiyo mwenye kamera alipokelewa, akalishwa, akapiga picha, akaondoka nazo. Mwenyeji aliyetaka picha yake mwenyewe, ya kutundika ukutani au kumpelekea jamaa, alilazimika kufunga safari kwenda Mjini.

Safari hiyo ilipata kituo kipya mwaka 1930, pale Ranchhod Oza, mpiga picha mwenye asili ya Gujarat, alipofungua Capital Art Studio. Duka hilo liko Shangani, katika barabara inayoitwa leo Barabara ya Kenyatta. Oza aliipigia picha familia ya Sultani, lakini hazina yake kubwa ni watu wa kawaida: maharusi, wanafunzi, vijana na baiskeli zao, akina mama waliovaa buibui na wengine waliovaa kanga mpya. Baada yake kazi iliendelezwa na mwanawe, Rohit Oza. Ni vigumu kutaja nyumba nyingine Unguja iliyohifadhi sura nyingi kiasi hicho chini ya paa moja.

Wakati Oza anafungua duka lake, utengenezaji wa kamera ulikuwa umegeuka, na mageuzi hayo yalikuwa yametokea Ujerumani. Leica, kamera ndogo iliyobuniwa na Oskar Barnack katika kiwanda cha Leitz mjini Wetzlar, ilianza kuuzwa 1925 ikitumia filamu ya sinema ya milimita 35. Rolleiflex, yenye lenzi mbili, moja juu ya nyingine, ilitoka Braunschweig mwaka 1929 katika kiwanda cha Paul Franke na Reinhold Heidecke. Mji wa Dresden, ambako kampuni kadhaa ziliunganishwa mwaka 1926 kuwa Zeiss Ikon, ukawa makao makuu ya ufundi huo Ulaya. Kamera iliyohitaji mpagazi sasa ilining'inia shingoni.

Dresden ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi jambo linalosahauliwa, kwamba kiwanda cha kamera chenye sifa ya taifa fulani mara nyingi ni mali ya mtu wa taifa jingine. Ihagee, kampuni iliyotengeneza Exakta, ilianzishwa huko 1912 na Mholanzi, Johan Steenbergen. Kine Exakta yake ya 1936 ilimwezesha mpiga picha kutazama kupitia lenzi ileile inayopiga, kwa msaada wa kioo kilichoinamishwa, tena kwa filamu ndogo ya milimita 35. Kamera nyingi za kitaalamu za miongo iliyofuata zilijengwa juu ya wazo hilo. Steenbergen aliondoka Ujerumani wakati wa vita. Jeshi la Sovieti liliposhika upande wa mashariki na viwanda kutaifishwa, Ihagee iliponea kwenye uraia wa mwenyewe: kwa kuwa ilikuwa mali ya Mholanzi, haikuweza kuchukuliwa moja kwa moja kama mali ya Mjerumani. Iliwekwa chini ya usimamizi wa serikali, ikaendelea kutengeneza Exakta kwa miaka mingi huku mwenyewe akiwa nje hana amri juu yake. Baadaye Steenbergen alianzisha Ihagee nyingine Ujerumani Magharibi, na pande mbili zikagombea jina moja. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Dresden ilimezwa na shirika kubwa la serikali.

Jirani yake, Kamera-Werkstätten, ilipitia machungu zaidi. Ilianzishwa 1919 na Paul Guthe na Benno Thorsch. Guthe alikuwa Myahudi, na utawala wa Wanazi ulimfanya akimbie nchi. Thorsch naye alihama 1938, akabadilishana mali na Charles Noble, raia wa Marekani mwenye biashara ya kusafisha picha mjini Detroit. Noble akahamia Dresden na kuwa Mmarekani mwenye kiwanda cha kamera ndani ya Ujerumani ya Hitler. Mabomu ya Februari 1945 yalipoiteketeza Dresden, kiwanda chake kilichokuwa pembezoni, Niedersedlitz, kilisalimika kwa sehemu kubwa, lakini yeye hakusalimika. Wasovieti walimkamata pamoja na mwanawe John na kukitaifisha kiwanda. John Noble alifikishwa hadi kambi za kazi za Vorkuta, kaskazini ya mbali ya Urusi, akaachiwa 1955. Nacho kiwanda, bila mwenyewe, kilitoa Praktica mwaka 1949. Kamera hiyo ilipata jina kote duniani kwa bei yake nafuu na chuma chake kigumu. Waliosifu bidhaa hiyo ya ujamaa hawakuambiwa habari za Guthe, Thorsch wala Noble. Huo ni udhalimu ambao historia za kamera huupita haraka mno.

Mwaka 1964 ndipo Dresden na Unguja zilipokutana. Mapinduzi yalifanyika tarehe 12 Januari, na mwanzoni mwa mwaka huo Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki, nchi ambayo mataifa mengi nje ya kambi ya kikomunisti yalikuwa hayajaikubali. Hata Muungano wa tarehe 26 Aprili haukuukata uhusiano huo, ingawa uliitia Tanzania katika mvutano mkali na Ujerumani Magharibi. Wataalamu wa Ujerumani Mashariki walijenga nyumba Kikwajuni. Hubert Scholz alitayarisha mpango wa mji wa 1968, na majumba marefu ya Michenzani yakaukata mtaa wa Ng'ambo. Serikali ya Rais Karume ilitaka Shamba nayo ipate makao ya aina hiyo, na hivyo Makunduchi ikapata nyumba za maendeleo: majumba ya ghorofa yenye madirisha yaliyopangwa mstari, yakisimama kati ya minazi na vibanda vya mawe ya matumbawe. Bado yapo. Mpita njia anayeshangaa jinsi yalivyofika hapo anatazama alama ya dola iliyokuwa, katika miaka ileile, mmiliki wa Praktica na msimamizi wa Exakta. Mwaka huohuo wa 1964 kamera za Dresden ziliwekwa chini ya jina jipya, Pentacon, na filamu za kiwanda cha Wolfen, zilizokuwa zikiitwa Agfa, zikapewa jina la ORWO.

Kwa wapiga picha wa Unguja Mapinduzi yalikuwa na maana nyingine. Waasia na Waarabu wengi waliuawa au walihama, na wateja wa studio walitawanyika hadi Bara, Uingereza na Omani. Walioondoka walibeba walichoweza, na mara nyingi picha ya Shangani ndiyo ukumbusho pekee wa nyumba iliyoachwa. Ranchhod Oza alibaki. Aliyekuwa amempigia picha Sultani sasa aliwapigia picha viongozi wa Mapinduzi, na sanduku la negativu likaendelea kujaa bila kuuliza nani yuko madarakani. Wakati huohuo picha zilizosambaa zaidi duniani kuhusu siku hizo zilikuwa za watu wa nje. Filamu ya Kiitaliano ya Jacopetti na Prosperi, Africa Addio ya mwaka 1966, ilionyesha picha zilizopigwa kutoka angani na kudaiwa kuwa za mauaji ya Unguja, na mpaka leo ushahidi huo ungali ukibishaniwa.

Ujerumani Mashariki ilikufa ghafla. Fedha ya Magharibi ilipoanza kutumika huko tarehe 1 Julai 1990, gharama ya kutengeneza kamera moja Dresden ilizidi bei ambayo kamera hiyo ingeuzwa. Tarehe 2 Oktoba 1990, siku moja kabla ya nchi mbili kuungana, shirika lililokabidhiwa mali za dola hiyo lilitangaza kuwa Pentacon ingefilisiwa. Maelfu ya mafundi walipoteza kazi. Familia ya Noble ilirudi kudai mali yake, na kwa muda karakana yake ilitengeneza Noblex, kamera ya mandhari mapana. Jina la Praktica lilinunuliwa na kampuni ya Schneider na kupachikwa kwenye bidhaa nyingine. Hapo inafaa kusema wazi kuwa kilichouzwa hakikuwa ufundi. Ufundi ulikuwa mikononi mwa watu walioambiwa waende nyumbani.

Yaliyowapata wengine yanasaidia kupima madai kwamba mwenye mali wa kigeni ndiye muuaji wa kiwanda cha kale. Rollei ilihamishia kazi nyingi Singapore mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikiwa bado ya Kijerumani, na ikaanguka 1981 kwa hesabu zake yenyewe. Waingereza waliichukua, kisha Schneider, kisha Samsung ya Korea Kusini mwaka 1995. Kila mmoja aliiachia mwingine, na mwaka 2009 kampuni iliyobaki Braunschweig ilifilisika. Leica ilikuwa ukingoni mwa kaburi pale Andreas Kaufmann wa Salzburg, aliyewahi kuwa mwalimu, aliponunua hisa kwa fedha za familia yake. Kufikia 2006 alikuwa ameshika sehemu kubwa ya kampuni. Mwaka 2011 kampuni ya Blackstone ya Marekani ilichukua asilimia 44, na mwaka 2014 Leica ikarudi Wetzlar ilikozaliwa. Hasselblad ya Uswidi, ambayo kamera zake zilifika mwezini 1969, iliuzwa na Victor Hasselblad mwaka 1976. Baadaye ilipita mikononi mwa wafanyabiashara wa Hong Kong na wawekezaji wa Kijerumani hadi DJI, kampuni ya Kichina ya kutengeneza droni, ilipoingia 2015 na kuwa mmiliki mkuu miaka miwili baadaye. Kamera za Hasselblad bado hutengenezwa Uswidi. Tofauti ya wenye mali hawa ni subira yao. Kaufmann alikubali hasara kwa miaka kadhaa akingoja kamera mpya zikamilike. Wamiliki wa Rollei hawakungoja, na Wajerumani waliokuwemo hawakuwa na subira kuliko wageni.

Majina hayo sasa yanafika Makunduchi kwa njia ambayo Barnack hangeiwaza. Leica iliandikwa kwenye simu ya Huawei mwaka 2016, kisha kwenye Xiaomi. Hasselblad iliandikwa kwenye droni ya DJI mwaka 2018, kisha kwenye simu za OnePlus na Oppo. Juu ya Kae Kuu siku ya Mwaka Kogwa sauti ya droni huchanganyika na nyimbo za wanawake, na chini yake simu ni nyingi kuliko mashina ya migomba. Nyingi kati ya zinazouzwa Tanzania ni Tecno na Infinix za kampuni ya Kichina ya Transsion, iliyojijengea soko Afrika kwa kurekebisha kamera zake ziipokee vizuri ngozi nyeusi. Jambo hilo lina uzito. Kwa miongo mingi filamu za rangi za Kodak zilipimwa kwa kadi zenye picha ya mwanamke mweupe, na fundi wa Kiafrika alilazimika kuongeza taa au kukubali uso upotelee gizani. Mwaka 2022 binti wa Kizimkazi, katika eneo hilohilo la Makunduchi, Rais Samia Suluhu Hassan, alionekana mbele ya kamera za Marekani katika filamu ya The Royal Tour, akiwatembeza watazamaji nchini mwake. Wapigaji walikuwa bado wageni, lakini aliyeongoza matembezi alikuwa mwenyeji.

Negativu za Unguja zina wenyewe wengi. Nyaraka za Taifa za Zanzibar huko Kilimani zina picha za serikali za tangu enzi za masultani. Zile za Oza zilizo kwenye filamu za asetati, kwa joto na unyevu wa kisiwa, huweza kuanza kunuka siki, kujikunja na kupoteza taswira, na tiba pekee iliyopo ni baridi kavu au kuzinakili kabla hazijaharibika. Picha nyingi za Wagoa zilinunuliwa na wakusanyaji wa Ulaya. Mkusanyo mmoja mkubwa, wa Mwingereza Humphrey Winterton, wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960, ulichukuliwa na Chuo Kikuu cha Northwestern huko Evanston, Marekani, mwaka 2002, kisha ukawekwa kwenye intaneti. Kijana wa Makunduchi anaweza kuufungua kwa simu yake akiwa amekaa barazani. Katika maelezo ya picha atakuta mara nyingi jina la studio, la mji, na la mwenye albamu aliyezikusanya. Mahali pa jina la mtu aliyesimama mbele ya lenzi, kwa nyingi sana kati ya picha hizo, pako wazi.